Safari ndefu ya mbuzi wa Busi huisha kabla ya kupanda ndege

KUTOKA Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam hadi uwanja wa Dubai ni takriban kilomita 3,980 kwa mstari mnyoofu. Ndege inayokwenda moja kwa moja humaliza safari hiyo kwa saa tano na nusu hivi.

Kutoka Kondoa mjini hadi uwanja huo huo wa Dar es Salaam ni kilomita 610 hivi kwa barabara, yaani chini ya moja ya sita ya umbali wa kwenda Dubai.

Hata hivyo, mbuzi aliyetoka Kata ya Busi, wilayani Kondoa mkoani Dodoma, anaweza kutumia siku nne kwenye kipande hicho kifupi kabla nyama yake haijapakiwa ndani ya ndege.

Hapo ndipo ilipo hesabu ambayo wafugaji na wafanyabiashara wengi wa mifugo huikosea. Huulizia nauli ya mzigo na saa za kuruka, wakati fedha nyingi na siku nyingi hupotelea ardhini, kati ya zizi na uwanja wa ndege.

Umbali wa angani unavyopimwa

Umbali kati ya viwanja viwili hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari huo hupatikana vizuri zaidi kwa kuvuta uzi juu ya tufe kuliko kwa kuweka rula juu ya ramani ya ukutani.

Marubani hutumia maili za baharini, ambapo maili moja ni sawa na kilomita 1.852. Kwa hiyo, kilomita 3,980 za kwenda Dubai ni kama maili 2,150.

Ndege yenyewe haifuati mstari huo kikamilifu. Huzunguka kidogo kufuata njia za anga zilizopangwa, hukwepa mawingu mazito na husubiri zamu ya kutua. Upepo nao huongeza au kupunguza dakika. Ndiyo maana safari ile ile inaweza kutofautiana leo na kesho.

Muda unaoandikwa kwenye ratiba huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho, siyo inapoacha ardhi, na huisha inapofika kwenye maegesho ya pili.

Jambo jingine linalochanganya ni saa za nchi. Dubai iko mbele ya Tanzania kwa saa moja. Ndege ikiondoka Dar es Salaam saa 2:00 asubuhi na kuruka kwa saa tano na nusu, itafika saa 8:30 mchana kwa saa za Dubai. Anayesoma ratiba bila kuangalia atadhani safari ni ya saa sita na nusu.

Wakati wa kurudi, ndege inayoondoka Dubai saa 4:00 asubuhi hutua Dar es Salaam saa 8:30 mchana, na safari huonekana kama ya saa nne na nusu. Kwa abiria hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye nyama mbichi inayosubiriwa na gari la baridi upande wa pili, saa moja ya kukosea ni hasara.

Siku nazo zina maana. Tangu Januari 2022, ofisi za serikali katika Falme za Kiarabu hufanya kazi nusu siku Ijumaa na kupumzika Jumamosi na Jumapili. Mwenye shehena itakayotua Ijumaa mchana anapaswa kujua mapema nani ataipokea na saa ngapi.

Siku nne za ardhini

Chukulia ratiba ya mfano ya shehena ya nyama ya mbuzi. Jumatatu saa 2:00 asubuhi mfugaji wa Busi anawatoa mbuzi wake zizini na kuwapeleka mnadani. Wananunuliwa, wanakusanywa pamoja na wa wenzake, na jioni lori linaondoka kuelekea Dodoma.

Sehemu ya kwanza ya safari ni ya barabara za udongo na changarawe, ambazo wakati wa masika huwa na matope na makorongo yaliyojaa maji. Lori likishafika barabara kuu, kazi huwa nyepesi.

Barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251 na inayopita Kondoa, ilizinduliwa mwaka 2018 baada ya kukamilika kwa kiwango cha lami. Kabla ya hapo safari ya Kondoa na Dodoma, kilomita kama 160, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya kukwama wakati wa mvua. Sasa gari zima humaliza kipande hicho kwa saa tatu hivi.

Jumanne mbuzi wanapumzishwa, wananyweshwa maji na kukaguliwa na daktari wa mifugo. Jumatano alfajiri wanachinjwa kwa taratibu za halali, kwa kuwa soko la Ghuba halipokei nyama ya namna nyingine.

Nyama iliyotoka kuchinjwa haiwezi kupakiwa hapo hapo. Inatakiwa kupozwa kwenye chumba cha baridi hadi joto la ndani ya mzoga lishuke karibu na nyuzi nne za Selsiasi, kazi inayoweza kuchukua hadi siku nzima.

Alhamisi gari lenye jokofu linashika njia ya Morogoro, kilomita 450 hivi hadi Dar es Salaam. Usiku hufanyika upimaji wa uzito, ukaguzi wa nyaraka na usalama, kisha upakiaji. Ijumaa saa 2:00 asubuhi ndege inaondoka.

Kuanzia mbuzi alipotoka zizini hadi ndege kuondoka ni saa 96. Ukigawanya kilomita 610 kwa saa hizo, bila hata kuhesabu kipande cha Busi hadi Kondoa, unapata mwendo wa kilomita sita na kitu kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka.

Angani, shehena hiyo hiyo huenda kwa wastani wa kilomita 720 kwa saa, yaani zaidi ya mara 100 ya mwendo wake wa ardhini.

Si kila saa kati ya hizo 96 ni ya kulaumiwa. Mapumziko ya mifugo, ukaguzi na kupoza nyama ni lazima. Saa zinazoumiza ni zile za kusubiri: lori lisilojaa, cheti kilichosahaulika, gari la baridi lisilopatikana, au ndege iliyokosewa kwa nusu saa.

Nyama ya baridi ambayo haijagandishwa ina siku za kuhesabika za kukaa dukani. Kila siku inayoliwa njiani inapungua kwenye siku za muuzaji wa Dubai, naye hulipa kidogo. Msafirishaji akilipwa kidogo, humpunguzia mnunuzi wa Dodoma, naye hushusha bei mnadani. Anayebaki na hasara ni yule wa mwisho, ambaye hana mwingine wa kumshushia.

Kipi kipande ndege, kipi kisipande

Si kila zao la Kondoa linafaa kusafiri kwa ndege. Kanuni ni moja: kitu kinastahili nauli ya ndege kama kinaharibika haraka na kama kilo yake moja ina thamani kubwa kuliko nauli ya kilo moja.

Chukua hesabu ya mfano tu, ambapo ndege inatoza Sh 3,000 kwa kilo. Gunia la mbaazi la kilo 100, lenye bei ya Sh 1,500 kwa kilo, lina thamani ya Sh 150,000. Nauli yake itakuwa Sh 300,000, mara mbili ya thamani ya mzigo wenyewe.

Nyama inayouzwa Sh 12,000 kwa kilo italipa nauli ile ile ya Sh 3,000, ambayo ni robo ya bei. Hapo biashara inaweza kuongelewa.

Kwa sababu hiyo mbaazi, alizeti, ufuta na dengu ni mazao ya lori na meli. Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai nchini India, mlaji mkubwa wa mbaazi, ni kilomita 4,680 hivi kwa anga. Lakini umbali huo haumsaidii wala kumuumiza mkulima wa mbaazi, kwani mzigo wake unapita baharini na hauozi.

Kilichomuumiza mkulima huyo mwaka 2017 hakikuwa umbali hata kidogo. Agosti mwaka huo India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, na bei nchini Tanzania ikaporomoka. Bahari ilikuwa ile ile, meli zile zile, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Asali nayo, ingawa ina thamani, haiharibiki kwa haraka na ni nzito, hivyo inaweza kusubiri meli.

Anayetaka kutumia ndege anapaswa pia kujua kwamba mashirika hutoza kwa uzito au kwa ukubwa wa mzigo, kutegemea kipi ni kikubwa. Kipimo cha kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000.

Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 huhesabiwa kuwa na kilo 12. Likijazwa majani makavu ya kilo tano, mwenyewe atalipia kilo 12. Likijazwa nyama ya kilo 20, atalipia kilo 20. Kwa nyama, hakuna hewa inayolipiwa nauli.

Uwanja wa karibu si lazima uwe bora

Kondoa iko katikati ya viwanja kadhaa. Uwanja wa Dodoma uko kilomita kama 160. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, uko kilomita 315 hivi kwa kupitia Babati na Arusha. Wa Dar es Salaam uko kilomita 610.

Kwa kuangalia ramani, mtu angesema mzigo wa Busi usiende Dar es Salaam kabisa. Lakini mzigo hauendi penye uwanja wa karibu. Unaenda penye ndege inayokwenda sokoni, siku inayotakiwa, ikiwa na nafasi.

Uwanja wa zamani wa Dodoma, ulio katikati ya mji na ambao njia yake ya kurukia ilirefushwa mwaka 2016, ulizoea kuhudumia zaidi abiria wa ndani. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni kilomita 390 kwa anga, safari ya saa moja na dakika chache. Lakini ndege za abiria za masafa mafupi zina nafasi ndogo ya mizigo chini ya sakafu, na mzigo huo lazima upakuliwe Dar es Salaam na kusubiri ndege nyingine.

Hata kwa abiria, saa moja ya angani si saa moja ya safari. Akijumlisha kufika uwanjani mapema, kusubiri mizigo na foleni ya kutoka uwanjani hadi mjini, msafiri hutumia saa nne au zaidi. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, humfikisha Dar es Salaam kwa takriban saa tatu na nusu.

Dodoma pia ina tatizo la kimaumbile. Uwanja uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege huhitaji njia ndefu ili kuruka ikiwa imejaa, vinginevyo hupunguza mzigo au mafuta.

Wakulima wa mboga na maua wa Arusha walilijua somo hili mapema. Pamoja na kuwa na Uwanja wa Kilimanjaro mlangoni, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mazao yao ilipakiwa kwenye malori, ikavuka mpaka wa Namanga na kupandia ndege Nairobi. Sababu ni kwamba Nairobi ilikuwa na ndege nyingi za mizigo, na penye ndege nyingi nauli hushuka na nafasi hupatikana.

Somo jingine liko Mbeya. Uwanja wa Songwe ulianza kutumika mwaka 2012, ukibeba matumaini ya wakulima wa nyanda za juu kusini. Lakini kwa miaka mingi baadaye, matunda na maua ya ukanda huo yaliendelea kusafiri kwa malori kwenda kwenye viwanja na bandari za mbali. Lami ya kurukia peke yake haileti ndege ya mizigo.

Msalato ipo njiani

Mabadiliko makubwa kwa wakazi wa Kondoa yanahusu Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Msalato. Msalato iko kaskazini ya jiji la Dodoma, kwenye barabara ile ile ya Kondoa. Lori la mbuzi kutoka Busi hulipita eneo hilo kabla ya kuingia mjini.

Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi huo Desemba 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Oktoba 2022. Njia ya kurukia ilipangwa kuwa na urefu wa kilomita 3.6, unaotosha ndege kubwa kuruka ikiwa na mzigo hata katika hewa nyepesi ya Dodoma.

Kwa mbuzi wa Busi, ndege ya moja kwa moja kutoka Msalato kwenda Ghuba ingefuta kilomita 450 za barabara ya Dar es Salaam. Hiyo ni siku nzima ya gari la baridi, mafuta yake, dereva wake na hatari ya kuharibika njiani.

Lakini ndege kubwa ina tumbo kubwa. Ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Boeing 767-300F iliyopokelewa Juni 2023, inaweza kubeba tani 54. Kwa mizoga ya kilo 12, hiyo ni mizoga 4,500 kwa safari moja. Hakuna kata moja, wala wilaya moja, inayoweza kuijaza ndege hiyo kila wiki.

Isitoshe, ndege inahitaji mzigo wa kurudi nao. Ikirudi tupu, wa kwenda ndiye analipia safari zote mbili. Kwa hiyo, nafasi halisi kwa nyama ya Kondoa ni kwanza chini ya sakafu ya ndege za abiria, pamoja na mizigo ya wengine, kwa tani chache chache lakini za uhakika.

Vyumba vya baridi, wakaguzi wa mifugo na maofisa wa forodha watakaokuwapo usiku na mchana ndivyo vitakavyoamua kama Msalato itafupisha safari, au itakuwa uwanja mwingine ambao malori huupita.

Kinachoweza kufanyika Busi

Mfugaji hana uwezo wa kupanga ratiba ya ndege. Ana uwezo juu ya kipande cha kwanza cha safari, ambacho ndicho kirefu.

La kwanza ni kuuza kwa pamoja. Lori likikodiwa kwa Sh 400,000, kwa mfano, na kupakia mbuzi 40, kila mbuzi anabeba gharama ya Sh 10,000. Likipakia 80 kwa nafasi inayoruhusiwa, gharama inashuka hadi Sh 5,000. Kikundi kinachopanga siku moja ya kuuza humwondolea mnunuzi kazi ya kuzunguka vijijini, na kinaweza kudai sehemu ya fedha alizookoa.

La pili ni mizani. Mbuzi anayeuzwa kwa kukadiriwa kwa macho huuzwa kwa maneno ya dalali. Dubai hainunui mbuzi mmoja, inanunua kilo. Mfugaji asiyejua kilo zake hawezi kujua kama alipunjwa mnadani.

La tatu ni afya na nyaraka. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008, inaweza kumfungia mfugaji soko lote la nje. Chanjo, kibali cha kusafirisha mifugo na kumbukumbu za dawa alizopewa mnyama ni sehemu ya nauli kama yalivyo mafuta ya lori. Kwa upande wa msafirishaji, Bodi ya Nyama Tanzania ndipo pa kuanzia kuulizia masharti.

La nne ni hali ya mnyama safarini. Mbuzi anayekaa muda mrefu bila maji na malisho hupungua uzito, na kilo hizo hazilipwi na mtu.

Kwa Kondoa, hoja ya kupata zaidi kwa kila mbuzi ina uzito wa pekee. Ardhi ya milima ya Irangi iliharibika kwa mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Wazee wa Kondoa wanakumbuka gharama ya mifugo mingi isiyo na faida.

Soko la nje halipaswi kuwa sababu ya kurudia kosa hilo. Faida yake ni pale mbuzi 10 walionenepeshwa, waliochanjwa na kupimwa watakapomwingizia mfugaji zaidi ya 20 waliokonda, bila kuongeza hata kwato moja juu ya udongo huo.

Kilomita 3,980 kati ya Dar es Salaam na Dubai hazitapungua, na saa tano na nusu zitabaki hizo hizo. Zinazoweza kupungua ni zile saa 96. Na nyingi kati ya saa hizo zinaanzia Busi, asubuhi ya siku ya mnada.